Simu moja, watoto 78: podikasti darasani inawezekana?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha Kiingereza kidato cha pili, sekondari ya kata huku Geita, darasa lina watoto 78. Kuandika wanajitahidi, ila mwambie mtu asimame aongee, anabaki anaangalia vidole vyake vya miguu. Nikasikia kuna walimu wanawapa watoto watengeneze podikasti, wanajirekodi wenyewe kama kipindi cha redio. Mwezi uliopita nikajaribu, nikawaandikia skripti nzuri tu wakasoma kwenye simu yangu, aisee ilitoka kama risala kwa mgeni rasmi. Mkuu wa shule naye kasema mtihani unaandikwa, hauongewi, niache michezo. Na simu ndo hiyo yangu moja, wanafunzi hawaruhusiwi kuja nazo. Niendelee au nipige chini?
— Ticha wa Geita

JIBU: Marahaba ticha. Endelea, ila hiyo skripti chana. Kiingereza kilichosikika pale kilikuwa chako wewe, wao walikuwa spika tu, ndo maana ikawa risala. Mtoto mwenye karatasi yenye sentensi kamili atasoma, hata umuombe vipi asisome. Mpe kikaratasi chenye maneno sita saba matupu, sentensi azitafute mwenyewe.

Mi nilichofanya, niliwatuma kwa mama mpishi wa shule wakamhoji kwa Kiswahili. Mama hajui Kiingereza na hakuna sababu ya kumsumbua nacho. Wakarudi na stori za kuni mbichi, moshi, kuamka saa kumi usiku, halafu nikawaambia haya, wasimulieni wenzenu ambao hawakuwepo, kwa Kiingereza, dakika tatu. Hapo ndo kazi ikaanza. Walibishana dakika kumi nzima ukoko unaitwaje, mmoja anasema "burnt ugali", mwingine anasema hapana ukoko haujaungua ni mtamu ule, mwishowe wakakubaliana "the hard part at the bottom of the pot". Ticha, hiyo sentensi hakunaga mtu aliyewafundisha. Walihitaji kusema kitu, neno hawana, wakazunguka mpaka wakafika, na hivyo ndivyo sisi wote tunavyoongea lugha ya pili.

Kitu cha pili ni kurudia. Mtoto akijisikiliza mara ya kwanza atacheka, atakwambia hii siyo sauti yangu (mweleze kwamba akiongea sauti yake anaisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, kwenye simu hiyo haipo, ndo maana inasikika nyembamba). Mara ya pili anaanza kusikia makosa. Huko kwenu Usukumani bila shaka unaijua hii ya r na l, kuna kijana alitaka kusema "rice", akarekodi "we eat lice every Friday", kajisikia mwenyewe, kashika mdomo, chawa kila Ijumaa! Akaomba arudie. Mi sikusema neno. Sasa ungemsahihisha amesimama mbele ya wenzake 77 angenyamaza mpaka mwisho wa muhula, wewe unajua.

Kuhusu simu moja, 78 gawanya kwa sita unapata makundi 13, rekodi makundi mawili kwa wiki baada ya vipindi, ndani ya wiki saba umemaliza darasa zima. Weka simu kwenye mode ya ndege, mi shemeji yangu alishawahi kupiga katikati ya kipindi watoto wakawa wameongea vizuri hasa, ikabidi tuanze upya. Darasa la bati lina mwangwi, tafuta stoo yenye magodoro au tundika kanga mbili tatu ukutani, simu ikae kama shubiri moja kutoka mdomoni, dirisha ufunge. Kinasa sauti kilichomo kwenye simu kinatosha, ukipata kompyuta ya shule kuna Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure inakata vizuri. Ukihifadhi kwa mp3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, dakika tatu hazifiki MB moja na nusu, bando halitakuumiza.

Makosa usisahihishe yote jamani. Chagua mawili, basi. Na wanaosikiliza wasikae bure, kila kundi liandike maswali matatu ya kuwauliza waliorekodi.

Mkuu wako wala usibishane naye. Kundi likimaliza, waambie wajisikilize tena waandike kwenye daftari kila walichosema neno kwa neno, halafu chini yake waandike upya kwa usahihi. Mpelekee hayo madaftari, ataona insha. Halafu mkumbushe kwa adabu kwamba fizikia, jiografia na baiolojia zote zinaulizwa kwa Kiingereza, mtoto asiyeweza kusema "because" kwa mdomo wake sijui atalieleza wapi.

SWALI: Mwalimu wa binti yangu aliwarekodi wakiongea Kiingereza akaitupia kwenye grupu la wazazi, watu wakacheka matamshi yake, mtoto sasa hataki hata kwenda shule. Nifanye nini?
— Mama Neema, Morogoro

JIBU: Pole sana mama. Nenda ukaongee na mwalimu wawili tu, siyo kwenye grupu, umuombe aifute. Alitakiwa akuulize kabla, sauti ya mtoto ni taarifa zake na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Walimu mnaosoma hapa, podikasti ya darasani ibaki darasani. Mkitaka kuirusha hadharani kuna vibali vya wazazi, na kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018, waulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza.

Na binti mwambie hivi: Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina sauti za irabu kama 20 hivi, kwa hiyo "ship" na "sheep" kutoka sawa mdomoni siyo ujinga, ni hesabu. Hao waliocheka wapeni simu nao wajirekodi tuone.

SWALI: Podikasti na voisi ya WhatsApp si kitu kilekile?
— Fomu Three, Tanga

JIBU: Karibu sawa mdogo wangu. Jina lilianza kutumika 2004, limeungwa kutoka iPod na "broadcast", na podikasti yenyewe inatoka kwa mfululizo, watu wanajiunga wanapokea kila toleo jipya. Ila kwa kujifunza, voisi inatosha kabisa. Likizo hii chukua simu ya dada yako, mtumie rafiki yako stori ya dakika mbili kwa Kiingereza, naye akujibu, ila mkubaliane kwanza kwamba kila mtu anajisikiliza kabla ya kutuma.