Gari ikimisi, usikimbilie spea

Kumisi ni pale silinda ya injini inapokosa kuunguza petroli yake sawasawa. Kwangu ilianza asubuhi kwenye foleni ya feri Likoni, AC nimewasha, Probox ikaanza kutetemeka mpaka tasbihi niliyoitundika kwenye kioo ikawa yacheza yenyewe. Kuvuka ng'ambo, nikikanyaga mafuta inavuta inakatika inavuta inakatika, na taa ya injini hiyo ikawaka.

Hapo kwenye taa sikiliza. Ikiwaka ikatulia, enda polepole mpaka gereji, lakini ikianza kuwaka-zima waka-zima toa mguu, kaa kando, uzime gari. Petroli isiyoungua inaenda kuungulia ndani ya katalisti, kile kisafisha moshi huko ekzosi, na katalisti ukiiua bei yake utalia.

Fundi wa kwanza hata boneti hajafungua, "Boss, nozeli zimekufa zote nne, leta 18,000." Nozeli ndizo zinazonyunyiza petroli kwenye silinda. Nikamwambia acha kwanza, nikanunua plagi nne mpya, zile za kutoa cheche, kwa kichwa changu, nikafunga, gari ikamisi vile vile. Kwa hivyo mjinga hakuwa fundi peke yake.

Jirani akaniazima skana, kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kwa simu, kikatoa kodi, yaani namba ya hitilafu, P0302. Namba ya mwisho ndiyo silinda, hiyo basi ni ya pili, na kwa Probox unahesabu kuanzia upande wa belti. Ukipata P0300 ni zinamisi ovyo, hapo kaangalie paipu ya hewa iliyopasuka, presha ya petroli, ama petroli yenyewe. Lakini kodi inakwambia silinda ipi tu, haikwambii kilichokufa ni nini, na hapa ndipo watu wanapoliwa pesa.

Dawa ni kubadilishana, na haina gharama. Zima injini, iache ipoe, fungua bolti ya namba 10 ya koili ya pili (koili ndiyo inayoipa plagi umeme wa kutoa cheche), toa soketi yake taratibu maana ile plastiki ikishazoea joto inavunjika kama biskuti, halafu hiyo koili uiweke ya nne na ya nne uilete ya pili. Futa kodi, zunguka mtaani kidogo, soma tena. Yangu ikaja P0304, ugonjwa umehama na koili, kesi imekwisha. Ingebaki P0302 ningehamisha plagi, kisha nozeli, na zote zikikataa ndio upime kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, na hiyo ya mwisho omba Mungu isiwe.

Nikanunua koili ya mtumba kutoka Japani, gari ikawa tamu. Wiki tatu! Silinda ya pili tena.

Ndipo nikakumbuka kitu nilichokiona mara ya kwanza nikakipuuza, wallahi najilaumu mpaka leo: mpira wa ile koili unaovaa juu ya plagi ulitoka mweusi, umelowa, nikaufuta na shati la kazi nikaurudisha. Safari hii nikamulika tochi ya simu ndani ya shimo la plagi, nikakuta oili imesimama, plagi yaogelea. Gasketi ya kava ya juu ilikuwa imekauka, oili ikawa yachuruzika humo polepole, mpira unavimba, moto wa umeme badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi unatorokea pembeni kwenye chuma cha injini. Hata ningefunga koili kumi zingekufa zote. Nikabadilisha gasketi na sili za mashimo, nikafyonza ile oili kwanza kabla sijafungua plagi ili isiingie ndani ya silinda, nikaweka koili nyengine. Imetulia tangu siku hiyo.

Wengine shida yao ni maji. Vijana wa kuosha magari wanapiga presha juu ya injini, maji yanabaki kwenye mashimo, na kwa hewa yetu ya chumvi hii pini za soketi zinaota kutu ya kijani. Mie siku hizi nikipeleka gari kuoshwa boneti haifunguliwi, hata kijana aape vipi kwamba ataing'arisha bure.