Vitufe vyote viliuza sabuni

Juzi kijana mmoja wa Katuba kaniandikia: "Yaya, kaka yangu, nikifungua tu dirisha la programu yangu, kitufe kinauza hata sijakibonyeza. Kompyuta ina pepo?"

Haina. Pale unapokiambia kitufe kazi yake umeandika command=uza(). Toa mabano, ibaki command=uza. Ukiweka mabano, Python, lugha unayoandikia programu, inaiita fanksheni (kipande cha kodi chenye jina, hapa uza) palepale, na kitufe kinabaki na jibu lake tu, mara nyingi None. Kolibaki, yaani fanksheni unayoikabidhi iitwe baadaye, ni kama kumwachia fundi namba yako akupigie gari likiwa tayari. Jina unatoa sasa, kuitwa ni baadaye.

Ila swali lako limenitonesha kidonda.

Kulikuwa na mama mwenye depo ya vyakula hapa Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo. Aliniomba programu ya mauzo, nusu ya pesa mbele, nusu baada ya kazi. Nikaiandika kwa Tkinter, zana ya Python ya madirisha na vitufe, usiku, betri ikiisha nangoja umeme urudi. Unga, mafuta, chumvi, sukari, mwisho sabuni, kila kimoja na kitufe chake. Badala ya kuviandika kimojakimoja nilipiga lupu ya mistari minne, inayorudia kazi ileile kwa kila bidhaa, ndani yake command=lambda: uza(bidhaa). Lambda ni fanksheni fupi isiyo na jina. Nilijiona bingwa. Nikabonyeza sabuni kujaribu, ikaandika sabuni. Safi!

Jumamosi akauza mchana kutwa. Jioni tukafungua orodha: sabuni, sabuni, sabuni, mpaka chini. Hata mifuko ya unga wa bukari ilikuwa sabuni. Mama akanitazama kimya, halafu akauliza mbele ya wateja: "Baba, leo watu wa Kamalondo wamekula sabuni?"

Walicheka. Yeye akarudi kwenye daftari na kalamu, nusu yangu ya pili sikuiona. Mpaka leo nikifika barabara ile navuka upande wa pili.

Kosa lilikuwa hili: lambda ile haikushika unga wala chumvi, ilishika jina "bidhaa" tu, na inalitazama siku kitufe kinapobonyezwa. Wakati huo lupu imekwisha, jina limebaki kwenye kitu cha mwisho. Andika lambda b=bidhaa: uza(b), au functools.partial(uza, bidhaa), inayofunga fanksheni pamoja na bidhaa yake, kila kitufe kishike chake. Usiku tatu zilinipita kabla sijaelewa.

Risiti nazo zilinitesa, maana zilichapwa na skripti ya pembeni, programu ndogo ya peke yake. Niliiita kwa os.system, inayotuma amri kama mstari mmoja wa maandishi, nikiunganisha jina na bei kwa nafasi. Skripti inapokea maneno hayo kwenye orodha iitwayo sys.argv. Akaja mteja Mama Furaha: sys.argv[1] ikawa "Mama", na sys.argv[2], nilipongojea bei, ikawa "Furaha". int(), inayogeuza maandishi kuwa namba, ikagoma na kosa la ValueError. Siku hizi natumia subprocess.run([sys.executable, "risiti.py", jina, str(bei)]), kila kitu kwenye orodha kinafika kizima hata kikiwa na nafasi. Ile str, inayogeuza namba kuwa maandishi, usiisahau, orodha haitaki namba tupu, na upande wa pili kila kitu kinafika kama maandishi.

Nyinyi wadogo zangu mna haraka. Mnakopi mistari, kikifanya kazi mara moja mnakimbilia pesa. Bonyeza vitufe vyote, weka jina lenye nafasi, mpe mtu mwingine akuharibie, kabla mwenye depo hajakuharibia jina.

Wewe wa Katuba, ukishatoa mabano nitumie faili lako. Na uniambie kitu cha mwisho kwenye orodha yako ni kipi.