Sauti inanikauka kila ifikapo Alhamisi

SWALI: Nafundisha darasa la tatu, wanafunzi 80. Jumatatu sauti ni nzuri. Alhamisi inakwaruza na wanaokaa nyuma hawanisikii. Natafuna tangawizi bila nafuu. Je, ni mafua tu?

JIBU: Pole sana, mwalimu. Mafua hayafuati ratiba ya shule. Sauti inayochoka kadiri wiki inavyosonga, kisha ikarudi baada ya mapumziko, mara nyingi imetumika kupita kiasi. Ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichopo kooni, kuna nyuzi mbili za sauti. Mwanamke akizungumza hugongana karibu mara 200 kwa sekunde. Ukipaza sauti hugongana kwa nguvu, huvimba, na hatimaye huweza kuota vinundu. Tangawizi haizigusi, kwani chakula hupita njia yake nazo ziko njia ya hewa.

Ita darasa kwa makofi au kengele. Fundishia katikati ya madawati, na futa ubao kwa kitambaa chenye maji, vumbi la chaki lisikukerekete. Koo likiwasha, meza funda la maji badala ya kujikohoza. Kunong'ona kwa nguvu nako huchosha nyuzi.

Jirekodi kwa simu ukihesabu 1 hadi 20, Jumatatu na Ijumaa, ulinganishe. Mkwaruzo ukizidi wiki 3, muone daktari wa masikio, pua na koo azitazame nyuzi kwa kamera. Ukipata shida ya kumeza au kupumua, ukitema damu au ukiona uvimbe shingoni, nenda mara moja.