Kistari katika Kiingereza: ushauri kwa wanaoanza kuhariri na kufasiri

Wengi wanaoanza kuhariri au kufasiri matini za Kiingereza hukichukulia kistari, ile alama fupi inayounganisha maneno, kuwa pambo ambalo mwandishi huliweka au kuliacha apendavyo. Katika kazi ya uhariri nimeona kwamba makosa mengi ya maana huanzia hapo, kwa sababu mara nyingi hakuna alama nyingine inayoonyesha neno lipi linakwenda na lipi.

Sisi tuliozoea Kiswahili tunabebwa na upatanisho wa kisarufi. Tukisema "mmiliki wa biashara ndogo", kila msikilizaji anajua kwamba kilicho kidogo ni biashara, na tukisema "mmiliki mdogo wa biashara", anajua kwamba mdogo ni mtu. Kiingereza hupanga maneno matatu bila kiunganishi chochote, "small business owner", na kumwachia msomaji kazi ya kukisia. Kikiandikwa "small-business owner", utata umekwisha. Kwa hiyo, kabla ya kuweka au kufuta kistari, kifasiri kifungu kizima kichwani na utazame "wa", "ya" na "cha" zinaangukia wapi. Ukishindwa kuamua, basi bado hujaielewa sentensi, na ni heri umwulize mwandishi kuliko kujaribu bahati.

Mfano ninaopenda kuwapa wanagenzi ni "twenty four hour shifts". Ukiandika "twenty four-hour shifts", umetaja zamu 20, kila moja ya saa 4. Ukiandika "twenty-four hour shifts", ni zamu 24 za saa mojamoja. Na ukiandika "twenty-four-hour shifts", ni zamu za saa 24 ambazo idadi yake haikutajwa. Anayepanga ratiba ya wafanyakazi kwa kufuata waraka huo hawezi kuiona tofauti hiyo kuwa ya urembo.

Kanuni zenyewe si nyingi. Kivumishi cha maneno mawili kikitangulia nomino huunganishwa, kama katika "a well-known writer", lakini kikija baada ya kitenzi kistari huondoka: "the writer is well known". Katika "a five-year plan" neno "year" hubaki katika umoja, jambo ambalo wageni wa lugha hulisahau mno. Vielezi vinavyoishia kwa "-ly" havihitaji kistari, kwa kuwa "highly" katika "a highly respected teacher" haliwezi kumsifu mwalimu moja kwa moja, na hivyo hakuna utata wa kuondoa. Kiambishi "re-" kinahitaji uangalifu zaidi: mchezaji aliye-"resign" ameacha kazi, ilhali aliye-"re-sign" ametia saini mkataba upya, na habari yote inageuka kwa alama moja.

Usitegemee kumbukumbu ya shuleni, maana matumizi hubadilika. Toleo la mwaka 2007 la kamusi ya Shorter Oxford liliondoa vistari katika maneno yapatayo 16,000. "Ice-cream" likawa maneno mawili na "bumble-bee" likawa neno moja. Chagua kamusi moja kwa kila kazi, angalia toleo lake, kisha uifuate hadi ukurasa wa mwisho hata pale usipokubaliana nayo.

Lipo pia suala la kukata neno mwishoni mwa mstari. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, kwa hiyo "ki-ta-bu" hakimsumbui mtu, lakini mazoea hayo hayafai kuhamishiwa kwenye Kiingereza. Kamusi za Kimarekani hufuata zaidi matamshi, ndiyo sababu "record" likiwa nomino hukatwa "rec-ord" na likiwa kitenzi hukatwa "re-cord". Desturi ya Uingereza huzingatia pia asili ya neno. Programu za kompyuta hukata kwa kulinganisha mfuatano wa herufi, bila kujua maana, kwa hiyo pitia miisho ya mistari kwa macho yako: "legends" likikatwa "leg-ends" humfanya msomaji aone miguu, na "therapist" likikatwa baada ya "the" huacha mstari unaofuata ukianza na neno la aibu kubwa. Neno ambalo tayari lina kistari chake, nalo, likatwe kwenye kistari hicho tu.