Shangazi, mume wangu amechukua kitambulisho changu hadi kura ipite (barua ya Julai 2022, kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya)

Kwako shangazi. Mimi na mume wangu tunaishi Free Area, Nakuru, na tuna watoto wawili, wa miaka sita na mitatu. Hatutoki jamii moja wala hatumuungi mkono mgombea mmoja, na kwa miaka saba ya ndoa tumekuwa tukitaniana tu kuhusu hayo. Mwezi huu utani umeisha. Anataka niende na watoto kwa mama yake Vihiga, magharibi mwa Kenya, tarehe 5 Agosti, tukae huko hadi matokeo yatangazwe. Mimi nilijiandikisha kupigia kura hapa Nakuru. Nilipokataa alichukua kitambulisho changu na sasa anatembea nacho kwenye pochi, eti nisikipoteze. Mavyaa ana miaka 74, ana sukari na presha, na chanjo ya corona ameikataa katakata. Mtoto wetu mdogo anakohoa tangu wiki jana. Mume wangu si mtu mbaya, hajawahi kuniinulia mkono. Ila tangu Juni amejaza nyumba unga, pakiti 24, na usiku huamka kukagua komeo la mlango. Mwaka 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, alilala uwanja wa michezo wa Afraha akiwa darasa la nane, lakini hayo hapendi kuyazungumzia. Nahisi anataka tu kunipokonya kura yangu. Nifanyeje?
Mama Wawili, Nakuru

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirishwa na kitambulisho. Mara ya pili nikakwama kwenye komeo.

Kitambulisho tukimalize upesi kwa sababu hakina mjadala. Ni chako, na mahali pake ni mkobani mwako. Bila kile ulichojiandikishia, hata jina lako likiwa kwenye sajili, karani atakurudisha nyumbani. Tena si mambo ya kura peke yake, maana hata kutoa pesa za dawa kwa wakala wa M-Pesa utaulizwa kitambulisho. Mwombe akurudishie mkiwa wawili, watoto wakiwa wamelala. Akikaidi, mwite mtu anayemheshimu, labda wale waliowasimamia harusi au mjomba wake. Na siku atakapokuzuia kutoka nyumbani, usiniandikie mimi tena. Nenda kwa chifu au kituo cha polisi.

Sasa komeo. Hilo la Afraha umelitaja kama mtu anayetaja rangi ya shati, kisha ukapita. Hebu rudi nyuma kidogo. Ni Januari 2008, mtoto wa darasa la nane, mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi uko mbele yake, analala uwanjani pamoja na watu waliofukuzwa mitaani mwa Nakuru kwa sababu ya majina yao. Leo mtoto huyo ana mke na watoto wawili katika mji ule ule, na mabango ya wagombea yamebandikwa hadi kwenye vibanda vya mboga. Unga umepita shilingi 200 kwa pakiti, naye ananunua pakiti 24. Mwanangu, mtu anayetaka kukuibia kura haamki saa nane za usiku kupapasa mlango.

Sisemi ana haki ya kukuamulia. Nasema unamjibu mtu wa siasa, na aliye mbele yako ni mtu mwenye hofu. Usimuulize, “Kwa nini unaogopa?” Mwanamume wa kwetu swali hilo atalijibu kwa kuwasha redio. Muulize jambo dogo. Siku ile mlitoka na nini nyumbani? Nani alibeba godoro? Mlikula nini usiku wa kwanza? Kisha unyamaze, hata akikaa dakika kumi bila kusema. Kura yako usiitaje usiku huo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni safari yenyewe. Tangu kafyu ya corona iondolewe Oktoba 2021 watu wamejisahau, na mikutano ya kampeni ndiyo hiyo unaiona, bega kwa bega. Lakini Juni maambukizi yalianza kupanda tena, hadi waziri wa afya akarudisha barakoa ndani ya majengo na kwenye magari ya abiria kuanzia tarehe 20. Matatu ya magharibi unaijua. Ikifika Mau Summit baridi inawapiga, madirisha yote yanafungwa, na mnapumuliana hewa ile ile mpaka mteremke. Kisha mtoto anayekohoa anashuka na kukimbilia mapajani mwa nyanya yake, anakunywa chai kwenye kikombe chake.

Mimi nilimzika dada yangu Juni 2021, wakati kaunti 13 za Magharibi, Nyanza na majirani zao zilipofungiwa kafyu ya saa moja jioni. Tulizika ndani ya saa 72, watu wasizidi 50, wengine wakiangalia wakiwa nje ya ua. Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumemtembelea, tumembebea ndizi na maziwa. Sijui nani kati yetu alikuwa na nini. Hilo nitakufa nalo.

Kwa hiyo huyo mdogo apelekwe zahanati kesho, na asisafiri kabla kifua hakijatulia. Kuhusu chanjo, mavyaa hatasikia la mkaza mwana, na mwanawe atamkemea tu. Mtafutieni mama wa rika lake kanisani kwake aliyechanjwa, aje wanywe chai, amweleze mwenyewe. Chanjo ni bure, na ile ya Johnson & Johnson ni sindano moja. Mwili huhitaji wiki mbili hivi kujenga kinga, nanyi mmebakiwa na tatu. Hesabu hiyo mwonyeshe baba watoto.

Halafu mpe pendekezo ambalo hofu yake inaweza kulimeza. Jumanne tarehe 9 vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Nendeni pamoja kukiwa bado na giza, upige kura zako sita, kuanzia ya rais hadi ya mwakilishi wa wadi, naye apige zake, na msiulizane. Tume ya uchaguzi, IEBC, ina siku saba za kutangaza mshindi wa urais, na nadhani ni siku hizo za kungoja ndizo zinazomtoa kitandani. Akishindwa kuzivumilia hapo Nakuru, ondokeni baada ya kupiga kura, nyote wanne, si wewe na watoto peke yenu. Nauli itakuwa imepanda, wekeni akiba mapema. Na mkifika, kama mumeo ana nyumba yake bomani, laleni humo. Nyanya mkutane naye nje, chini ya mti, barakoa zikiwa usoni hata akiwacheka.

Lakini kabla ya hayo yote, mpigie mavyaa simu leo jioni. Muulize kama anawataka huko, na yeye mwenyewe anaogopa nini zaidi, kura au kikohozi. Katika barua yako yote sijaona mahali ambapo mtu alimuuliza.