Shujaa asiyepewa ushindi bure
Umeuliza namna ya kumwandika msichana shujaa katika hadithi ya mazimwi kwa ajili ya wasomaji wa miaka 10. Usianze na upanga wala uchawi, bali anza na uamuzi: mlango wa pango unapojifunga na taa kuzimika, yeye mwenyewe apapase ukuta, akumbuke hatua alizohesabu wakati wa kuingia, akosee mara ya kwanza, kisha atafute njia nyingine kabla mtu mzima hajatokea. Nguvu za kurithi, ambazo waandishi wengi tunazikimbilia, nami nikiwemo, humnyima msomaji nafasi ya kujiona, kwani hakuna awezaye kujifunza kuzaliwa na damu ya kifalme. Umri wa miaka 12 utamfaa, kwa kuwa watoto hupenda mhusika anayewazidi kidogo. Mpe pia rafiki wa kike anayethubutu kumpinga.