Mrututu uliofungwa kwenye gazeti

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuta tilapia wangu wote wako juu ya maji, midomo wazi, wanatafuta hewa. Kufikia saa nne matumbo yalikuwa juu.

Bwawa langu liko Ruai, Nairobi: mita 10 kwa 20, kina mita moja. Lilikuwa limejaa mwani, kijani kama ndengu zilizopondwa. Muuzaji wa agroveti akanipimia kilo mbili za mrututu, ile chumvi ya shaba inayoua mwani, akazifunga kwenye gazeti. "Mwaga tu, mzee, maji yatakuwa safi." Yakawa safi kweli, hilo siwezi kumnyima.

Hesabu niliijua baadaye. Pima alkali ya maji, yaani uwezo wake wa kuzima asidi, kwa miligramu kwa lita, kisha gawanya kwa 100. Jibu ndilo miligramu za mrututu kwa kila lita. Alkali yangu ni 100, bwawa lina lita 200,000, kwa hiyo nilihitaji gramu 200. Nilimwaga mara kumi yake! Alkali ikiwa chini ya 50, usiuguse mrututu kabisa, maana shaba itawamaliza samaki. Na hata ukipima sawasawa, mwani ukifa wote kwa siku moja utaoza, na huko kuoza hula oksijeni yote usiku. Tibu sehemu moja, ngoja wiki moja au mbili, ndipo uende nyingine.

Kosa langu la kwanza lakini lilikuwa lile gazeti. Gazeti halina lebo. Sheria ya Kenya ya dawa za wadudu na magugu, Sura ya 346, ipo tangu 1982, na bodi yake, PCPB, husajili dawa pamoja na kazi yake. Iliyosajiliwa kwa shamba la mahindi haijaruhusiwa bwawani eti kwa sababu nayo inaua majani. Baadhi ya dawa za magugu huchanganywa na kitu kama sabuni ili zishike kwenye jani, na kitu hicho huumiza samaki na vyura. Lebo isipotaja maji, irudishe dukani.

Halafu fuata maji yako kwa miguu. Yangu hutoka bwawani kwa mtaro, yanaishia Mto Nairobi. Kanuni za ubora wa maji, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, zinakataza kuchafua maji hata kama uchafu umetoka kwenye ploti yako. Mimi sikukumbushwa na NEMA. Nilikumbushwa na mama anayevuta maji ya mtaro kunyweshea sukuma wiki: "Baba Njeri, hao samaki waliokufa ni wako?"

Wengine husema Nairobi Dam nayo ipigwe dawa, gugu maji liishe. Lile bwawa la 1953 linanyweshwa maji taka kila siku. Ukiua gugu litazama lioze, mbegu zibaki matopeni, na maji taka yaendelee kuingia.

Mwani wangu nao ulikuwa unalishwa na samadi ya kuku, ambayo nilikuwa nikiitupa humo bila kipimo. Nimeipunguza, na kila Jumamosi navuta mwani kwa reki hadi kwenye mboji. Yule mama bado huniuliza, kabla ya kuwasha pampu, kama nimeweka kitu.